Jumapili Saa Kumi, Picha Imeganda

8 Januari

Mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto limekuwa na kiburi siku hizi, linaamua lenyewe lini litapanda ngazi. Mpangaji wetu muuguzi bado yuko chumba cha uani, anakusalimu. Mimi nashona sare za shule kutwa nzima, mgongo umekuwa kama ubao.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nimechoka kukupigia simu. Nikifika neno la tatu wewe unadakia, "Sikusikii dada, mtandao," na kwisha. Karatasi haikatiki. Utaisoma mpaka chini upende usipende.

Shida ni hiyo Wi-Fi yako. Wewe ndiye uliyeing'ang'ania ifungwe humu ndani, ukaapa kwamba kila Jumapili saa kumi utaongea na mama uso kwa uso. Miaka miwili ulitimiza, sikunyimi haki yako. Lakini tangu Novemba ni aibu tupu. Mama anakaa mbele ya simu kuanzia saa tisa na nusu, amechana nywele, amejipaka mafuta mikono. Unatokea. Unatabasamu. Mama anainua mikono aanze hadithi yake, na papo hapo unaganda, mdomo nusu wazi, jicho limeenda pembeni. Kisha picha inakatika. Tunajaribu mara tatu, mara nne, mpaka mama mwenyewe anaifunika simu kwa kitambaa.

Nakukumbusha, kana kwamba hukuzaliwa nyumba hii: mama hajasikia sauti ya mtu tangu ana miaka mitano, kusoma hakufundishwa, na lugha yake ya mikono si ile ya shule za viziwi. Ni ile tuliyoitunga sisi watatu jikoni. Duniani kote inajulikana na watu watatu tu. Mimi ananiona kila siku, amenichoka. Mambo yake ya wiki nzima anakuwekea wewe. Ukiganda, anabaki nayo mikononi.

Nimejaribu nilivyoweza. Jana niliivuta ile ruta kutoka nyuma ya friji niangalie waya zake, nikahisi kitu kinanipapasa kidole. Mende. Kila tundu la hewa lilikuwa limetoa ndevu, zinachezacheza. Nikaitikisa juu ya beseni wakamwagika, wazazi, watoto na mayai yao, na ganda la mmoja likanasa chini ya ukucha wangu. Mimi ninayeshika nguo nyeupe za watu! Nilitapika, sikufichi. Nimenawa kwa sabuni mara nne na bado nahisi wananitembelea shingoni.

Wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Niambie nifanye nini.

Dada yako

2 Februari

Dada,

Nakusalimu wewe na mama, na goti lake pia. Mimi mzima kabisa. Kiwandani tunachapa vitabu vya shule, kazi imekuwa nyingi, ndiyo maana nakuandikia kwa kompyuta ya ofisini. Usinichukie kwa hilo.

Pole kwa mende. Ruta ina joto, na wao hupenda joto. Ifute kwa kitambaa kikavu, usiipige dawa ya kupuliza, utaiua yenyewe.

Kuhusu picha kuganda, tatizo liko huko kwenu. Huku mtandao wetu hauna neno. Kwanza iondoe ruta nyuma ya friji, chuma kinameza mawimbi. Iweke juu ya kabati la sebuleni, katikati ya nyumba, pasiwe na kioo wala televisheni karibu. Izime, chomoa waya, hesabu polepole mpaka thelathini, ndipo uwashe. Badilisha neno la siri, huenda mtaa mzima unakula kwenye sahani yenu. Mwombe muuguzi asiitumie Jumapili jioni. Ukiona bado, ita kampuni walete fundi apime kasi. Usifanye yote kwa siku moja, maana hutajua ni lipi lililosaidia.

Mwambie mama avumilie. Au kwa sasa apumzike tu hizo Jumapili mpaka mambo yatengemae, si lazima akae anangoja kila wiki.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Habari za siku? Huku wazima. Mama amepunguza chumvi kama alivyoambiwa na muuguzi, na amepunguza na kula. Sare nimemaliza, sasa nashona mapazia ya ofisi fulani, kitambaa kizito, kinatoa vumbi lenye harufu ya samaki. Sijui walikihifadhi wapi.

Barua yako imefika baada ya wiki tatu, imepigwa chapa kama notisi ya kuhamishwa nyumba. Kumwandikia dada yako! Hata lile "Mdogo wako" la chini umelipiga chapa. Nimeipokea, lakini sikuipenda.

Nimefanya yote. Ruta nimeipandisha juu ya kabati, na mende wamepanda nayo, kama ndugu wanaohama pamoja. Nikaifungua kwa bisibisi. Sitakueleza nilichokiona mle ndani, maana huenda unakula. Nimeipangusa kwa kijiti cha masikio, tundu moja baada ya jingine, nimejifunga kitambaa puani. Nimehesabu mpaka thelathini, siku nyingine mpaka mia. Nimebadilisha neno la siri. Waya wa nje nimeufuata mpaka darini kwa magoti, kuna mahali panya aliutafuna ganda, na panya mwenyewe alikuwa palepale, amekufa siku nyingi, amelowa. Nimemtoa kwa mfuko wa plastiki. Mambo haya nayafanya mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, fundi cherehani.

Fundi wa kampuni naye alikuja, baada ya kupigiwa simu mara sita na kusikilizishwa muziki. Akapanda kwenye kochi la mama na viatu vyake vyenye tope. Akachokonoa sikio kwa kalamu yangu, akanirudishia. Akawaambia wenzake kwenye simu, nikiwa nimesimama mbele yake, kwamba "hapa kuna mama mtu mzima hajui hata kuwasha." Lakini alipima kasi mara tatu, asubuhi, mchana na saa kumi, na mara zote akasema iko sawa. Waya uliotafunwa akaubadilisha.

Sasa nieleze jambo moja. Muuguzi anaongea na mchumba wake kwa picha saa nzima, hapohapo uani, kwenye ukuta wa mwisho, wala haikatiki. Nimemuuliza. Anasema anamwona mpaka chunusi. Mimi nimetazama mahubiri, nimetazama mtu akifundisha kushona kola, picha safi kama maji. Inaganda Jumapili saa kumi, na inaganda kwako tu. Huo ni mtandao gani unaojua ndugu?

Mama ameniuliza kama amekukosea. Nilimwambia hapana. Akauliza tena, polepole, akidhani sijamwelewa.

Dada yako

21 Aprili

Dada,

Natumai barua hii inawakuta na afya. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu, kazi.

Fundi huyo hajui kazi. Kupima kasi ni jambo moja, na mawimbi kutulia ni jambo jingine. Kasi inaweza kuwa kubwa na bado ikawa inapanda na kushuka. Labda ruta ya jirani inatumia njia ileile na zinagongana, mwambieni aibadilishe. Labda ni bati. Labda simu yenyewe imezeeka. Labda pia wewe unaizima katikati ya wiki ili kubana matumizi halafu unaiwasha saa kumi kasoro dakika moja, haijapata hata kuamka. Nakujua.

Muuguzi ana simu mpya, usilinganishe.

Halafu, dada, usinichambue kama mchele. Naamka, naenda kazini, narudi nimechoka. Mama ana wewe hapo. Mwambie nipo salama, sina kinyongo, asifikirie mambo. Kama picha inamsumbua basi tuache hiyo picha. Nitakuwa naandika, nawe utamfikishia.

Mdogo wako

13 Mei

Wewe,

Mama mzima, mimi mzima, muuguzi mzima. Salamu zimeisha.

Ile barua yako niliitia kwenye moto wa pasi, nikaitoa, nikaisoma tena ili nihakikishe kweli umeandika kwamba nazima ruta kubana matumizi. Umeandika. Sawa.

Sasa nikueleze ya Jumapili iliyopita. Ulitokea saa kumi na dakika tano. Ukatabasamu. Mama akainua mikono, ukaganda kama kawaida yako, mdomo nusu, jicho pembeni. Nikanyoosha mkono nikate. Mama akanidaka mkono, akaninyooshea kidole kwenye kioo.

Inzi. Mkubwa, mgongo wa kijani, wale wa chooni. Alikuwa kwenye paji lako la uso, anasugua miguu. Akateremka kwenye nyusi. Akapita ubavuni mwa pua, akasimama kwenye ukingo wa mdomo wako ulio wazi, akachungulia ndani. Nawe tuli. Umetulia kama maji mtungini, na inzi yuko mdomoni! Halafu jicho likapepesa, koo likameza mate, ndipo ukakata.

Picha iliyoganda haina inzi anayetembea.

Nilikwenda uani nikasimama karibu na karo. Miezi sita. Mende nimewatoa kwa vidole vyangu. Panya nimemkumbatia darini. Nimetukanwa na kijana mwenye kalamu yangu sikioni. Na wewe huko umeketi kwenye kiti, unajifanya sanamu, ukingoja mama yako achoke. Nimewahi kuona watu wakiwapaka wazazi wao mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini wewe umevunja rekodi. Umenitia kinyaa. Nimetafuta neno lenye adabu zaidi sikulipata.

Usidhani mama hakuelewa. Aliniambia kwa ile ishara yetu ya zamani, ya wewe ulipokuwa mdogo ukijifanya umelala ili usitumwe dukani. Aliifanya mara moja tu. Tangu hapo hasemi. Mikono ameitia kwapani. Nikimuuliza chai, anatikisa kichwa. Nikimuuliza goti, anatazama ukuta. Nyumba hii haijawahi kuwa kimya namna hii, nawe unajua ilivyokuwa kimya tangu mwanzo.

Kama umepata mke asiyetutaka, sema. Kama umekuwa mlevi, sema. Kama umemchoka mama, andika hivyo hivyo kwa maneno, na uandike kwa mkono wako, usinipigie chapa. Mwisho wa Juni nitaing'oa hiyo ruta niwarudishie wenyewe, na sitakutafuta tena.

Dada yako, bado

10 Juni

Dada yangu,

Samahani kwa mwandiko. Umesema niandike kwa mkono, na huu ndio mkono uliobaki. Ni wa kushoto. Ukurasa huu mmoja nimeanza juzi.

Sina mke. Silewi. Mama sijamchoka.

Ilikuwa tarehe 9 Novemba. Ile mashine ya kukatia karatasi ina vitufe viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kisu hakishuki mpaka uvibonyeze vyote pamoja. Wameiunda hivyo ili mikono yote miwili iwe nje. Lakini ukikibana kimoja kwa selotepu, unabaki na mkono mmoja huru wa kunyoosha karatasi, unamaliza kazi mara mbili upesi. Mimi ndiye niliyeanzisha mtindo huo kiwandani. Niliwafundisha wenzangu wote, na nikasifiwa. Siku hiyo nilinyoosha karatasi kwa mkono wa kulia.

Vidole vinne. Gumba limebaki.

Sasa nakaa kwenye kompyuta, napanga oda, nabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Ndiyo maana barua zilikuwa za chapa.

Dada, umeandika kwamba unaniona kinyaa. Mimi mwenyewe siwezi kuutazama mkono huu. Madaktari walichukua ngozi ya pajani wakaifungia pale, imeshonwa kama mdomo wa gunia. Ilitoa usaha mpaka Januari. Ilikuwa inanuka, hata chakula sikuweza kukileta mdomoni, nilikuwa naona nakula harufu yangu. Bado inang'aa, ina rangi kama ya kitu kilichochunwa. Nalala nimeufunga soksi. Ningeutupa kama ingewezekana.

Nilitaka kumwona mama. Ndiyo sababu nilikuwa natokea. Nilikuwa najiambia nitamwona dakika moja tu. Lakini akishainua mikono, anangoja nijibu, na kujibu kwangu ni kuuinua huu. Unajua jina la mama tunalisemaje: vidole vinne vya kulia vinapita juu ya kiganja cha kushoto, kama anavyochagua mchele. Nimejaribu mbele ya kioo. Gumba peke yake linakwaruza kiganja, kama mdudu aliyevunjika miguu. Sitaki aone jina lake likitoka hivyo. Basi nikaganda.

Nilikutesa na ruta kwa sababu kila ulipomaliza jambo moja nilipata wiki nyingine tatu. Najua hilo ni baya kuliko yote. Ulipoandika habari za panya nilisoma nikiwa nimesimama chooni, nikaona bora nikuandikie ukweli, kisha nikaandika ile ya bati na jirani.

Usimwambie mama. Mwambie lolote jingine. Mwambie nina mke mbaya.

Mdogo wako

18 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo. Mama hajambo. Goti ni lilelile. Muuguzi amesoma barua yako kwa ruhusa yangu, anasema ngozi ile kung'aa ni kawaida, itapoa, uipake mafuta na uache kuifunga soksi, unaifanya ioze bure.

Nimelia, halafu nimekasirika tena, na hasira haijaisha. Mkono wako haunitii kinyaa. Nimewatoa panya na mende kwa ajili yako, nitashindwa na kovu? Kinachonitia kinyaa ni kile kiti ulichokalia, Jumapili baada ya Jumapili, ukimtazama mama akishusha mikono. Hicho nitakaa nacho muda, na usiniharakishe.

Umesema nisimwambie. Nimemwambia siku ileile. Nilikawia tu kutafuta njia, maana lugha yetu haina neno la jambo hilo. Tuna la kukata kitunguu, la kukata nywele na la kukata kitambaa. Nikatumia la kitambaa, mama akadhani umejifunza kushona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Mei. Ilibidi nimshike mkono wake wa kulia na kuvikunja vidole vyake, kimoja kimoja, vinne, nikaliacha gumba. Kisha nikamwonyesha picha yako ukutani.

Hakulia. Alivikunjua, akavikunja tena mwenyewe ili ahakikishe hesabu. Akaniuliza hiki? Nikasema ndiyo. Na hiki? Ndiyo. Akaniuliza unakulaje. Nikamwambia kwa kushoto. Akaniuliza nani anakufungia vifungo vya shati, nikasema sijui, kwa kuwa hukuniandikia, na hilo pia ni kosa lako. Ndipo akatoka nje akakaa kwenye kizingiti mpaka chakula kikapoa.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye kikapu changu cha kazi, akachukua utepe wa mapazia, akaninyooshea mkono wa kulia nimfunge. Nikavifunga vidole vinne kwenye kiganja, gumba nje. Hajaufungua kwa wiki tatu sasa, isipokuwa wakati wa kuoga. Anaosha vyombo hivyo hivyo, amenivunjia sahani mbili na kikombe. Asubuhi anakaa mbele ya kioo cha kabati, anachukua neno mojamoja la lugha yetu na kulijaribu: hili linasemeka, hili halisemeki. Lisilosemeka analitungia jingine, ananiita, ananifundisha, akiniona mzito ananipiga kibao cha bega. Tumefika maneno mia moja na kitu. Chai, goti, mvua, muuguzi, mende. Jina lake amelibadilisha, na halihitaji vidole. Sitakueleza lilivyo, atakuonyesha mwenyewe.

Nilimwuliza kwa nini asikungoje wewe ujizoeze kwanza. Akasema wewe ni mvivu, utaganda.

Basi sikia. Ruta iko juu ya kabati, safi, kasi iko sawa, na hakuna mtu atakayeigusa. Jumapili saa kumi ukae mahali penye mwanga, mkono juu ya meza, bila soksi. Uje na moyo mgumu, kwa sababu neno la kwanza kabisa ambalo mama alilitunga kwa mkono mmoja ni tusi, kubwa, sijawahi kuliona likitoka kwake, na amelifanyia mazoezi kuliko yote. Anasema akimaliza kukutukana ndipo ataanza kukueleza habari za tangu Novemba.

Dada yako